Dalali wa Kwaya

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita, msomaji, tulimwacha Bi Irja Harjula ndani ya gari lake kwenye maegesho ya duka la vyakula, simu mkononi. Mteja alikuwa anaitazama nyumba yake, na mteja akija mwenye nyumba huondoka. Kengele ya mlango wake ina kamera. Kamera ikamletea simuni uso wa dalali wake, Verlyn Brandvold, na sauti yake ile ile inayoimba kila Jumapili kwenye kwaya ya Walutheri. Tukaishia pale Verlyn alipomwambia mteja, "Usiongeze hata senti. Bibi ameshikwa pabaya."

Wengine mmeniandikia mkisema haiwezekani, Verlyn ni mtu wa kanisa. Haya, sikilizeni alivyoendelea.

"Ameshikwaje?" mteja akauliza. Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya manyoya ya kufunika masikio.

"Mumewe yuko makao ya wazee kule Cloquet, kumbukumbu zinamtoka. Sasa kimepatikana chumba cha mume na mke, wakae pamoja. Wamemwekea chumba hicho mpaka kesho Ijumaa saa sita mchana. Asipopeleka mkataba wa mauzo uliosainiwa, chumba anapewa mwingine. Kwa hiyo wewe tulia. Andika dola laki mbili na elfu thelathini. Kesho saa nne atakuwa anatafuta kalamu huku analia."

"Shemeji, wewe ni mbaya."

"Mbaya nini? Mwezi wa tano tunaiuza laki tatu na elfu ishirini. Halafu mwambie dada yako jiko lake jipya linakuja, aache kunipigia kelele."

Wakacheka wote wawili. Verlyn akarudi ndani, akatoka na kipande cha mkate wa iliki, akakila pale pale barazani huku akipukuta makombo kwenye theluji. Mkate ule ni Irja aliyeukanda alfajiri, kwa sababu Verlyn alimwambia harufu ya mkate ndiyo inayouza nyumba. Kwa miezi minne ameoka mikate kumi na tisa. Mikate yote imeliwa na nyumba ipo.

Irja hakulia. Jambo la ajabu ni kwamba aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Irja kilikuwa kimevaa joho la kwaya.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani, nikurudishe nyuma kidogo. Mwezi wa saba Irja aliita madalali watatu waje kuitazama nyumba. Wa kwanza aliingia mpaka sebuleni na viatu vyake, na kwa sisi Wafini wa mji huu wa Duluth mtu wa hivyo humalizi naye kikombe cha kahawa. Wa pili alikuwa Yvette Defoe, mwanamke wa Kiojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hii, mwenye maneno machache. Huyo alivua viatu, akashuka chumba cha chini ya ardhi akanusa kuta, akapanda na kusema, "Laki mbili na elfu themanini, mama, zaidi ya hapo najidanganya na ninakudanganya. Karatasi za ukutani zitoke. Na ile sauna ya kuogea mvuke kwenu ni baraka, kwa mnunuzi ni kibanda." Irja akamjazia kahawa, akamwambia asante, na miezi ikapita bila kumpigia simu.

Wa tatu ni Verlyn. Alikuja na bakuli la chakula alichopika mkewe. Alisema laki tatu na elfu thelathini bila kupepesa. Tena ndiye aliyembeba Reino, mume wa Irja, siku alipoteleza kwenye barafu mbele ya kanisa. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba utafikiria kwanza? Mkataba ulisainiwa mezani jikoni, Irja akasaini, Reino akasaini huku akitania kwamba dalali mwenye sauti nzuri ataimbia wanunuzi mpaka walale.

Basi simu ikalia pale pale mkononi mwa Irja. Verlyn.

"Bi Irja, kaa vizuri nikupe habari njema. Tumepata ofa."

"Tumepata?"

"Laki mbili na elfu thelathini. Najua, najua, siyo tuliyoitarajia. Lakini soko limelala, baridi imeanza, na wewe una Ijumaa yako. Nimekuombea sana. Naona huyu ametumwa na Mungu."

Irja akatazama kioo cha gari kilivyoanza kufunikwa na theluji. Mimi nawajua watu hawa, ni watu wangu: watakuvulia koti kwenye baridi kuliko kukuambia hapana usoni. Midomo yake ilishaanza kusema kile inachosema siku zote, kwamba asante Verlyn, unavyoona wewe. Safari hii meno yaliuma ulimi.

"Nitakupigia," akasema, akakata.

Miaka sitini na tisa ya maisha yake, hajawahi kumkatia mtu simu. Aliikalia mikono yake asije akapiga tena kuomba radhi.

Saa zilizobaki hazikufika ishirini na nne. Kama chumba kikienda, orodha ya kungoja kingine ilikuwa miaka miwili, na daktari alikuwa ameshamwambia Irja wazi kwamba Reino hana miaka miwili ya kumjua mkewe. Huenda ana miezi. Irja hakuwa anauza nyumba, msomaji. Alikuwa ananunua miezi hiyo, aamke kitanda kimoja na mtu ambaye bado analijua jina lake.

Akatafuta namba ya Yvette Defoe.

"Yvette hapa."

"Ni Irja Harjula. Wa kule mlimani. Mwenye sauna."

"Nakukumbuka, mama. Kahawa yako ni tamu. Majibu yako ndiyo hayaji."

"Nilikukosea mwezi wa saba. Nilipaswa kukupigia."

"Mwezi wa saba si kitu, hiyo ni biashara. Mimi kilichoniudhi ni mwezi uliopita. Ningependa kujua tu kwa nini ulikataa ofa yangu bila hata kuijibu."

"Ofa gani?"

Yvette akamtaka arudie alichosema. Irja akarudia, polepole, kama mtu anayejisikiliza mwenyewe.

"Wiki tatu zilizopita," Yvette akasema. "Muuguzi wa hospitali, Teresita, na mumewe. Laki mbili na elfu themanini, benki imeshawapitishia mkopo, hawadai utengeneze chochote. Waliipenda mpaka sauna. Nilimtumia Verlyn maandishi, kurasa kumi na nne. Akanijibu mwenye nyumba amekataa na hataki mazungumzo."

Irja akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Wiki tatu. Kwa wiki tatu alikuwa akikanda mikate na kuomba Mungu amletee mtu mmoja tu, na mtu alikuwa ameshakuja, amebisha, na kufukuzwa kwa jina lake.

"Hawajanunua kwingine? Kwa sababu mimi, Yvette, kesho saa—"

"Nyamaza hapo hapo, mama." Sauti ya Yvette ilikuwa kali, lakini haikuwa mbaya. "Mimi ni dalali wa wanunuzi. Niko upande wa pili wa meza. Usiniambie unaharakia nini, usiniambie unahitaji kiasi gani. Nikijua, kazi yangu ni kuitumia dhidi yako. Umenielewa?"

Irja akafunga mdomo. Kwa miezi minne alimwambia kila kitu mtu aliyedai kuwa upande wake, na sasa wa upande wa pili ndiye anayemfundisha kukaa kimya.

"Sasa sikiliza la mwisho, maana hata haya nimezidisha. Sheria zetu zinanikataza kumwingilia mteja wa mwenzangu. Lakini una mkataba. Juu ya jina la Verlyn kuna jina jingine. Usome."

Mkataba ulikuwa kwenye droo ya gari, chini ya miwani ya jua na kikwaruzio cha barafu. Ulikaa humo tangu mwezi wa saba bila kufunguliwa, kwa kuwa kusoma mkataba wa rafiki ni kama kumhesabia mgeni vipande vya nyama. Irja akaufungua. Juu kabisa palikuwa na jina la ofisi, na chini yake mkuu wa ofisi: Marlys Engebretson.

Saa nane mchana alikuwa amesimama mbele ya meza ya Marlys, koti mwilini, theluji ikimyeyukia mabegani.

Marlys alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabuti ya kuvulia samaki kwenye barafu na bakuli la supu mbele yake. Alimsikiliza Irja mpaka mwisho bila kugusa kijiko. Irja alieleza kamera, shemeji, kofia ya manyoya, ofa ya muuguzi, chumba cha Cloquet. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuomba radhi kila sentensi ya tatu. Lakini alieleza.

"Umesema alijua kwamba una mpaka kesho saa sita tu?" Marlys akauliza.

"Nilimwambia mwenyewe. Kwenye kahawa baada ya ibada."

Mlango ukafunguka. Unadhani ni nani? Verlyn, mashavu mekundu kwa baridi, tabasamu tayari usoni. Alimwona Irja, na tabasamu halikutoka. Lilihama kidogo tu.

"Bi Irja. Mbona hukuniambia unakuja, ningekuletea gari."

"Kaa, Verlyn," Marlys akasema. "Ofa ya Yvette Defoe. Wiki tatu zilizopita."

Hakushtuka. Alitoa simu yake, akaitafuta taratibu, akaiweka mezani kama mtu anayeweka turufu. "Soma mwenyewe. Nilimwandikia: kuna watu wameulizia, bei yao iko chini, naona tungoje. Soma alichonijibu."

Marlys akasoma kwa sauti. "Unavyoona wewe, Verlyn. Asante kwa yote."

Irja aliyakumbuka maneno yale. Ni kweli aliandika. Aliandika akiwa foleni ya duka la dawa, bila kuuliza ni watu gani, bei gani, kwa sababu kuuliza kungekuwa kama kumtilia shaka. Aliukabidhi uamuzi wake kwa adabu, na adabu ile sasa ilikuwa imekaa mezani ikimshitaki.

"Umeona?" Verlyn akasema kwa upole. "Mimi simlaumu. Ana mengi kichwani. Na nimesikia ana video. Bi Irja, nakuambia kama mwanao: kumrekodi mtu bila yeye kujua, kwenye mazungumzo ambayo wewe hukuwamo, kunaweza kukupeleka mahakamani. Nisingependa uwe na kesi wakati mumeo anaumwa."

Alijuaje habari ya video? Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri, alisikia yote akiwa koridoni. Irja alianza hata kufunga vifungo vya koti. Kwa muda wa pumzi mbili tatu alikuwa tayari kusaini ile laki mbili na elfu thelathini, hapo hapo, ili aondoke tu kwenye chumba kile.

Marlys akasukuma bakuli la supu pembeni.

"Mimi sijaona video yoyote wala sitaki kuiona. Nakuuliza wewe. Ofa ya Yvette ilikuwa ya maandishi?"

"Ilikuwa... ndiyo, lakini—"

"Kurasa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Ulimpa Bi Harjula ukurasa upi?"

Verlyn akakohoa.

"Nauliza upi, Verlyn. Wa kwanza? Wa bei? Wa mwisho wenye mahali pa kuandika nimekataa?"

"Nilimfupishia."

"Na huyu wa leo wa laki mbili na elfu thelathini ni nani?"

"Kampuni."

"Ya nani?"

Verlyn aliitazama kalenda ya ukutani kana kwamba jibu limeandikwa kwenye tarehe. "Ya kaka wa mke wangu," akasema mwishowe.

"Mkataba huu ni wa ofisi, siyo wako," Marlys akasema. "Kuanzia sasa hivi faili ni langu. Niwekee mezani ufunguo wa nyumba yake. Bodi ya leseni za madalali watapata barua yangu wiki ijayo, na shemeji yako mwambie anunue nyumba kwingine."

Irja alitaka kucheka na kulia. Alitaka pia kumwomba Verlyn radhi, Mungu amsamehe, mazoea ni mabaya.

Verlyn aliweka ufunguo. Akafika mlangoni, akageuka, na sasa lile tabasamu lilikuwa limeondoka kweli.

"Hati ya nyumba ina majina mawili," akasema. "Nani atamsainia Reino? Nilimtembelea Jumanne. Aliniita Eino. Bi Irja, mwambie Marlys Eino ni nani."

Akaondoka.

"Eino ni kaka yake," Irja akasema, akitazama sakafu. "Alizama ziwani. Reino alikuwa na miaka kumi na tisa."

Marlys akamuuliza kama ana karatasi ya mwanasheria inayompa ruhusa ya kusaini kwa niaba ya mumewe. Irja akasema fomu ipo, iko jikoni, kwenye droo ya vijiko, tangu majira ya kuchipua. Mwanasheria alimhimiza mara tatu. Kila alipoitoa aliona kama anamzika mtu aliye hai, akairudisha. Sasa Reino hawezi tena kuapishwa kwa ajili ya ile fomu bila daktari, na daktari haji kabla ya Jumatatu.

"Basi nikuambie wazi, usije ukanilaumu," Marlys akasema. "Kesho nitakwenda na wewe Cloquet na karatasi mkononi. Nitamuuliza maswali. Akielewa anachosaini, atasaini. Asipoelewa, nafunga faili na tunarudi nyumbani. Mimi simshiki mtu mkono."

"Asubuhi huwa mzima," Irja akasema. "Asubuhi ananijua."

Akalirudia neno hilo mara mbili tena akiwa anashuka ngazi.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Yvette akaleta ofa iliyosainiwa upya na muuguzi na mumewe, bei ile ile. Irja alisaini mahali pake saa mbili na nusu. Cloquet ni mwendo wa nusu saa, watu wanakwenda huko kununua maziwa na kurudi. Wangefika saa tatu, Reino akiwa na kahawa yake ya kwanza na akili yake yote.

Lakini njiani, kwenye mteremko wa Thompson, lori la mbao lilikuwa limelala limeziba barabara nzima.

Saa tatu ikapita wakiwa ndani ya gari la Marlys. Saa nne ikapita. Marlys alizima redio. Irja alihesabu taa nyekundu za magari yaliyokuwa mbele, akazihesabu tena, akafungua pochi akajipaka rangi ya midomo kwa sababu hakujua afanye nini na mikono. Alikuwa amevaa koti la kanisani na skafu mpya. Alitaka apendeze kama siku ya harusi.

"Anaanza kuchoka saa ngapi?" Marlys akauliza.

"Saa tano."

Walifika saa tano na robo.

Reino alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amenyolewa, nywele zimechanwa. Aliwakaribisha kwa heshima. Akamwambia Marlys mabuti yake ni mazuri, ni ya samaki aina gani? Marlys akamjibu, wakaongea samaki kidogo. Irja alikaa pembeni, mikono magotini, akiogopa hata kupumua kwa nguvu.

Marlys akafungua faili. "Bwana Harjula, unajua karatasi hizi ni za nini?"

Reino akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza wote, kidole kikifuata mistari. "Za kuuza nyumba," akasema. "Nyumba ya kule mlimani. Sauna niliijenga mimi, mwaka ule wa mgomo wa machimbo."

Irja akafumba macho.

"Na ukiiuza utaishi wapi?"

"Hapa hapa. Kuna chumba kikubwa upande ule, cha watu wawili. Wananiambia nikingoje."

"Bei umeiona?"

"Laki mbili na elfu themanini. Ni bei ya haki. Yule kijana wa kwaya alisema laki tatu na kitu, nikamwambia mke wangu, huyo anaimba." Akacheka mwenyewe.

Ooh, msomaji, laiti ungemwona Irja. Alikuwa mzima! Kila kitu kilikuwa mahali pake, nyumba, bei, sauna, hata utani. Miezi minne ya hofu ilimshuka mabegani, na machozi yakaanza kumtoka bila ruhusa. Marlys naye alipumua. Akamwonyesha mahali pa kusaini, akampa kalamu.

Reino akaishika kalamu. Akaiinamisha kwenye karatasi. Akakomea hapo, bila kuandika.

"Irja yuko wapi?" akauliza.

Marlys akamtazama Irja.

"Niko hapa, Reino," Irja akasema. "Ni mimi."

Reino akamgeukia. Alimtazama vizuri, usoni, kwenye skafu, kwenye rangi ya midomo, kwa adabu yote ambayo mtu wa kwao humpa mgeni. Akatikisa kichwa taratibu.

"Bibi, samahani, usinifanyie hivyo. Nimeoa miaka arobaini na sita. Sijawahi kusaini kitu nyuma ya mke wangu na sitaanza leo. Nyumba ni yetu sote. Mwiteni Irja. Yeye akisema sawa, nasaini."

Akaiweka kalamu juu ya karatasi, sambamba kabisa na mstari, akakunja mikono.

Irja alipiga magoti mbele ya kiti. Akamwonyesha pete. Reino akasema ni pete nzuri, inafanana na ya mkewe. Akamtajia jina la mbwa wao wa kwanza, akamtajia mtaa waliopanga walipooana. Reino alianza kukosa raha, akarudisha kiti nyuma, macho yakimtafuta muuguzi wa makao. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika ishirini.

Marlys akainua ukurasa wa kwanza kutoka mezani, polepole, kama mtu anayekunja shuka ya mgonjwa. Mkono wake ulikuwa juu ya faili, tayari kulifunga.

"Ngoja," Irja akasema. "Usilifunge bado."

Akatoka. Mlango wa chumba kile kikubwa ulikuwa wazi mkabala, na ndani yake bwana na bibi wasiojulikana walikuwa wanapima dirisha kwa futi, msimamizi wa makao akiwa ameegemea ukuta anawangoja. Msimamizi alimwona Irja, akatazama saa yake, akatazama pembeni.

Irja akavua koti la kanisani, akaliacha lianguke sakafuni. Akavua skafu. Akapangusa rangi ya midomo kwa kiganja mpaka midomo ikauma. Akachomoa vibanio, akazirudisha nywele nyuma ya masikio kama anavyozikaza siku za kuosha vyombo, akakunja mikono ya sweta mpaka viwikoni, kama Reino alivyozoea kumwona jikoni. Akavuta mlango wa Reino akaufunga kabisa mpaka ukalia.

Kisha akabisha.

"Hodi," akasema.

Halafu kutoka ndani sauti ya Reino ikauliza, "Nani?"